Baba Yetu Nzima Juu ya Mota

Wanangu, siku ile mlipokuja kwangu hapa Bihambwe, Grâce njo alikuwa ameshika ile mota yenu ndogo, ameifunga ndani ya kitambaa, na ninyi wengine wanne mmejificha nyuma yake. Nilifungua kitambaa, nikanusa, nikacheka. Mlikasirika, niliona. Sikuwa nawacheka ninyi, jamani. Harufu ya vernisi ya waya iliyoungua naijua kuliko harufu ya mboga zangu, na tangu niache kazi sikuwa nimeisikia tena. Ilinifurahisha kama kukutana na jirani wa zamani, hata kama jirani huyo alikuwa mkorofi.

Mliniuliza maswali mawili. Tuzungushe waya mara ngapi? Na kigurudumu cha mota kiwe na meno mangapi? Nikawajibu kwamba sijui. Mkaangaliana. Nilisikia mmoja wenu akisema kidogokidogo, "Huyu mama amesahau kazi." Sijasahau kitu, we kijana. Nilisema sijui kwa sababu nilikuwa bado sijaona kile mota inachobeba. Ndiyo maana nikawaambia twende kwanza kwenye sali ya paroko, ule ukumbi wenye altari, mnirushie hiyo helikopta ndogo mliyoiunda, na mota nyingine mliyobaki nayo, niione kwa macho.

Mlifanya vizuri kuirushia ndani. Hapa kwetu kitu kikinguruma juu ya vichwa vya watu, hakuna anayesimama kuuliza kama ni mchezo wa wanafunzi. Helikopta yenu ilisimama juu ya benchi ya mbele, ikatetemeka, ikapanda mpaka kimo cha altari, nami nikapiga makofi kama mutoto. Halafu ikalia vibaya, ikashuka, ikakaa. Nikaweka kidole juu ya mota yake, na kidole kikarudi chenyewe.

Sasa najibu. Ninaandika kwa sababu tangu siku ile kila wiki kunakuja kikundi kingine na swali lile lile, na kinywa changu kimechoka. Lakini nitajibu kwa njia yangu, na njia yangu inapita Kashebere. Mwenye haraka aende akakaange mota nyingine, nitamungoja.

Kazi yangu ilikuwa kubobina. Mota ikiungua, unaifungua, unatoa waya wote uliokufa, unahesabu ulizungushwa mara ngapi katika kila mfereji wa chuma, halafu unazungusha waya mpya, unapaka vernisi, unakausha. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka makumi tatu. Wateja walikuwa wanateremsha mota kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao, wanapangusa jasho, wananiuliza, "Mama, bobineur iko wapi?" Nawajibu, "Uko namuangalia." Wengine walikuwa wanakaa wakingoja mume wangu arudi. Mume wangu alikuwa mchungaji wa ng'ombe, mota kwake ilikuwa kitu cha kukalia.

Aliyenifundisha ni Papa Zakaria, wa Shasha, kando ya barabara ya kwenda Minova. Nilikuwa msichana wa kutembeza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kwenye beseni. Siku moja nikapita mbele ya atelie yake, karakana ya mota, nikamukuta anasukuma waya kwenye mfereji mwembamba na vidole vinene kama ndizi, anatoka jasho, anaita watakatifu wote. Nikacheka. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Kama uko nacheka, weka hiyo beseni chini, ukuye ufanye weye." Nikaweka beseni. Waya uliingia. Sambaza ziliharibika siku hiyo, mama yangu alinichapa, na kesho yake nilikuwa tena kwa Papa Zakaria.

Mzee yule alikuwa na desturi mbili. Ya kwanza ni ya mkono. Hakuwa na kipimo cha joto, kwa hiyo mota ikishafanya kazi nusu siku alikuwa anaweka kiganja juu yake na kusali Baba Yetu. Ukifika Amina na mkono bado uko pale, mota ni nzima. Ukitoa mkono kabla ya kufika kwenye mkate, irudi mezani. Na alikuwa hakubali Baba Yetu ya mbio. Fundi mmoja aliisali kama anayefukuzwa na mbwa, mzee akamurudisha mwanzo: "Mungu haiko na haraka, na mota nayo haiko na haraka. Anza tena." Kulikuwa pia na mteja wa kanisa jingine, watu wa sala ndefu, ambaye alikataa mota nzuri kabisa kwa sababu mkono ulimshinda kabla hata robo ya sala yake haijaisha. Papa Zakaria alimuonyesha mlango.

Desturi ya pili ilinichosha. Mtu hajamaliza hata kusalimia, mzee anamuuliza, "Inasaga nini?" Au inapandisha nini, au inazungusha nini. Na kama mteja hajui, mzee hafungui hata burungi moja, hata bolti ya kifuniko. Mimi nilikuwa najisemea, huyu baba anapenda tu maneno. Mota ni mota. Imeandikwa nguvu yake kwenye kibati, mbio yake kwenye kibati, unabobina kama ilivyokuwa, kwisha. Nilipofungua atelie yangu mwenyewe hapa Bihambwe, swali lile nililiacha Shasha.

Njo hapo Mama Furaha aliingia katika maisha yangu.

Mama Furaha ni mjane wa Kashebere, kule unakoanza kuingia Walikale. Mume wake alikufa akimwachia watoto na mashini ya kusaga, yenye mota inayokula umeme wa turbine ndogo ya mtoni. Mota iliungua, akaileta kwangu juu ya piki, yeye mwenyewe amekaa nyuma ameikumbatia. Mwanamke mrefu, msema kidogo. Aliniambia, "Mama Odile, uitengeneze vizuri, na kama inawezekana uiongeze mbio. Foleni ni ndefu, bamama banalala njaa na mihogo iko kichwani."

Kuongeza mbio! Hakuna neno tamu zaidi kwa fundi mwenye kujivuna. Nilibobina mota ile kama ilivyokuwa. Halafu, kwa kuwa mota na mashini vinaungwa na mkanda, nikamfungia puli, gurudumu la kupitisha mkanda, kubwa zaidi upande wa mota. Hesabu yake ni ya mutoto wa shule: puli ya mota ikiwa kubwa, mashini inazunguka mbio zaidi. Nikaijaribu hapa, kwenye mashini ya jirani, na mahindi yetu makavu yanayopasuka kati ya meno. Unga ulitoka kama mvua. Nikaweka mkono, nikasali polepole kabisa, nikafika Amina. Mama Furaha akaenda zake anatabasamu.

Hakumaliza wiki tatu, alirudi. Nilifungua mota: nyeusi. Nikasema ni umeme wa turbine yao, unapanda na kushuka. Na nikajisemea tena, nguvu ni waya, nitatia waya mnene. Wanangu, sikilizeni hapa, kwa maana ninyi nanyi mumepita njia hii. Mfereji wa chuma hauongezeki ukubwa. Ukitia waya mnene, mizunguko yote haiingii, unapunguza. Na mota ya aina ile ukiipunguzia mizunguko, inakunywa umeme kupita kiasi, inapata moto hata ikizunguka bure bila kusaga kitu. Nilijua jambo hilo. Papa Zakaria aliniambia mara ngapi! Lakini nilipunguza, nikasema kidogo tu, haitasikia.

Ilisikia. Safari hiyo Mama Furaha alirudi baada ya siku nne, mvua imemupiga njia nzima. Aliteremsha mota mbele ya mlango wangu, hakuingia. Na mimi, wanangu, badala ya kumkaribisha kwenye moto, nilimwambia mbele ya watu kwamba hajui kuchunga mashini, kwamba wanawake wa Kashebere wanatupa mihogo ndani kama wanalisha nguruwe. Bado nasikia haya kuandika maneno hayo. Hakunijibu kwa hasira. Alisema tu, "Mama Odile, kuna papa moja wa kununua vyuma vya zamani, anakuya mwezi kesho. Hii ikiungua tena, ninamuuzishia yote, na mashini, na turbine. Batoto bangu bataacha masomo. Na bale bamama batarudilia kutwanga." Halafu akapanda piki, akaniachia ile mota miguuni.

Sikula siku hiyo. Asubuhi nikafunga mafungu ya waya yaliyoungua ndani ya gunia, nikashuka Shasha.

Papa Zakaria alikuwa amezeeka, macho yamekwisha, anakaa nyuma ya nyumba anachagua maharage kwa vidole. Nilimpa mafungu ya waya, nikasema tu ni umeme wa turbine uliyoyaunguza. Akayapapasa moja moja, akahesabu mizunguko, akayanusa.

"Umesema ni kuran ya turbine?"

"Ndiyo Papa. Inacheza sana."

"Hapana. Kuran ikiharibika, fungu moja linaungua, ingine inabakia. Hapa yote imekuwa nyeusi kama makala ya moto, sawasawa. Hii mota ilibebeshwa muzigo ya kuipita." Akarudisha mafungu kwenye gunia. "Inasaga nini?"

"Mihogo, Papa."

"Mihogo gani?"

"Mihogo ni mihogo, Papa."

"Ulifika Kashebere?"

"Hapana, Papa."

"Ulishika hiyo mihogo?"

Nilianza kulia, mtu mzima mwenye watoto. Akanipa bakuli la maharage nimsaidie kuchagua, akaniacha nilie mpaka nimalize. Halafu akasema, "Sasa bobina sawa fabriki ilivyofanya. Ile mizunguko ulipunguza, uirudishe. Na usimutumie mutu. Upeleke weye mwenyewe."

Nilirudisha mizunguko yote, na waya wake wa kwanza. Nikachukua piki, na puli tatu za saizi mbalimbali kwenye mfuko, mota mapajani. Barabara ya Kashebere mnaijua, sitaieleza. Tulisukuma piki kuliko tulivyoipanda.

Mama Furaha alinikaribisha kwa adabu, akanipa kiti, hakunipa kicheko. Kesho yake asubuhi sikugusa burungi. Nilikaa kwenye kiti karibu na foleni, nikaangalia wanawake wakileta mihogo yao, na nikaomba kipande kwa mama mmoja. Nikakishika nikivunje. Hakikuvunjika, kilipinda! Nikachukua cha mwingine, nacho kikapinda. Kumbe kule mvua inanyesha karibu kila mchana, hawana jua la kuanika. Wanakausha mihogo juu ya moto wa jikoni, kwenye dari ya miti. Nje inakuwa kavu, inakuwa hata nyeusi kwa moshi, lakini ndani bado ina maji. Mihogo ile ikiingia kwenye mashini inashikana, inavuta nyuma nyundo za kusagia, na mota inajikaza mpaka inaungua. Na mimi nilikuwa nimeipa puli ya kuilazimisha ikimbie! Kwa mahindi ya Bihambwe nilikuwa fundi. Kwa mihogo ya Kashebere nilikuwa mwuaji wa mota.

Nilisimama pale pale mbele ya foleni, nikamwambia Mama Furaha, "Nilikutukana bure. Makosa ilikuwa yangu, tangu ya kwanza. Unisamehe." Mama Furaha aliangalia pembeni kidogo, akasema, "Fanya kazi, Mama Odile."

Nikafanya. Nilitoa puli kubwa, nikafunga ndogo kuliko hata ile aliyokuwa nayo zamani. Ndani ya mashini kuna tole, bati lenye matundu ambamo unga unapitia, nikatoboa matundu yawe makubwa kidogo ili unga wenye maji usikwame. Unga utatoka mnene, lakini wanawake wote wa kule wanapitisha unga kwenye kayungilo, chekecheo, kabla ya kusonga bugali, hakuna atakayelala njaa kwa hilo. Tukawasha.

Ee Mungu wangu, kelele za foleni! "Mbona iko nasaga polepole hivi?" "Hii mashini imekuwa nyanya ya kuzeeka?" Mama mmoja akaniuliza kama nimetoka kwetu Masisi kuja kuwachelewesha. Nilikaza meno. Mashini haikukwama hata mara moja. Zamani walikuwa wanasimama kila saa kuitoa unga ulioziba, sasa ilikuwa inakwenda tu, inakwenda, na kufika katikati ya siku foleni ilikuwa imepungua kuliko siku za mbio. Wale wale wa kelele wakaanza kunipa mahindi ya kuchoma.

Basi, tuiache mashini inasaga kwanza, nije kwa helikopta yenu, maana najua mmeanza kupiga miayo.

Mihogo yenu ni hewa. Yale mabawa mawili marefu ya juu njo yanayosaga, na hewa ni nzito kuliko mnavyofikiri. Ninyi mlianzia kwenye mota. Mlitaka ikimbie, mkapunguza mizunguko ya waya, na kweli mota hizi ndogo ukipunguza mizunguko zinakimbia zaidi, lakini zinakunywa betri na zinakosa kifua. Halafu mkaacha kigurudumu kile kile chenye meno mengi. Ni puli yangu kubwa hiyo, mumeirudilia bila kuniona nikiifanya. Anzeni juu, mshuke. Kwanza mabawa: marefu namna gani, yazunguke kwa mbio gani ili yainue uzito wake bila kujitesa. Halafu gurudumu kubwa na dogo: mota izunguke mara ngapi ili bawa lizunguke mara moja. Waya ni wa mwisho. Mkiwa na mota ya mizunguko michache, basi kigurudumu chake kiwe na meno machache, ikimbie lakini isibebe mengi kwa mara moja. Mkiongeza mizunguko, mota itakwenda pole na itakuwa na nguvu, hapo mnaweza kuongeza meno. Mizunguko na meno ni mume na mke, usimuulize mmoja peke yake. Na waya ujaze mfereji, mnene kadiri unavyoingia wenyewe. Ukiulazimisha unaukwaruza, na waya uliokwaruzwa utakuaibisha siku wageni wamefika.

Ile mota ya kitambaani nimeibobina. Nimerudisha mizunguko mliyoiba. Na Grâce nimemwambia atafute kigurudumu chenye meno mawili pungufu, maana kwa mabawa marefu hivyo meno ya sasa ni mengi hata kwa mizunguko kamili. Jumapili baada ya misa tutairusha tena kwenye sali, kwa muda wa wimbo mmoja mzima, halafu mtaishusha na kila mmoja wenu ataweka kidole. Betri nayo ishikwe. Na msali polepole, nitakuwa nasikiliza.

Sasa turudi Kashebere, mchana, mashini inasaga tangu asubuhi.

Foleni ilikuwa imebaki na watu sita, saba. Nilimwita Mama Furaha, nikamweleza desturi ya Papa Zakaria. Nilitaka kuweka mkono mimi mwenyewe, lakini nikaona hapana, mota ni yake, na neno la mwisho ni lake. Alipangusa unga kwenye kanga. Akaweka kiganja juu ya mota, akafumba macho, akaanza. Wanawake wa foleni, bila kuambiwa, wakaanza naye, kwa sauti, mashini inanguruma katikati yao. Walisali kama wanavyosali kule, pole, wakivuta kila neno. Walipofika kwenye mkate niliangalia kiganja chake tu. Mkono haukuondoka. Walipofika kwenye kusamehe, Mama Furaha alifungua macho, akaniangalia mimi moja kwa moja, akalisema neno hilo, akaendelea. Wakafika Amina.

Mkono ulikuwa bado pale. Akauacha, kama mtu anayeshika paji la mtoto aliyepona homa. Machozi yalikuwa yanamtiririka juu ya unga usoni, naye hakuyapangusa. Halafu akageukia foleni, akapiga kelele ambayo sikujua anayo:

"Mulete mihogo!"

Yule papa wa vyuma alipofika, alipewa maji ya kunywa, akaendelea na safari mikono mitupu. Na lile gurudumu zito la chuma ambalo Grâce alijikwaa nalo siku mlipokuja, mkaniuliza kwa nini mama mzima anazuia mlango kwa chuma, ni puli kubwa ya Kashebere. Mama Furaha alinifungia mwenyewe kwenye piki siku ya kurudi, akaifunga na kamba mara tatu, akaniambia nisiisahau njiani.